Shuka, Halafu Panda

Nilimtaka wifi yangu abaki Morogoro. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu najua watu wakisikia neno wifi masikio yanawasimama. Wanangoja majungu, wanangoja kusikia nani alimtukana nani msibani. Watangoja sana. Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, umri wetu mmoja, na katika miaka yote niliyoolewa kwao hatujawahi kununiana ikapita siku moja. Mume wangu alipofariki alikuja akakaa nami eda nzima. Wake alipofariki, nami nilifunga safari mpaka Tabora nikakaa naye. Baada ya hapo mwanawe akamchukua Dar es Salaam, na mimi nikarudi Kihonda kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo watoto wangu walishaihama zamani.

Alikuja kwa treni ya umeme. Stesheni iko huku huku Kihonda, kwa hiyo nilikwenda kumpokea kwa bajaji na kanga yangu nzuri. Alishuka na begi la magurudumu na baibui jipya, na kabla hatujamaliza kukumbatiana mwanawe alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama nimemwona, kama begi lipo, kama hajachoka. Nikamwambia mama yako yupo, begi lipo, na aliyechoka ni wewe. Akacheka. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye, ila ana tabia ya kumlinda mama yake kama yai.

Jioni hiyo, tukiwa tumekaa barazani na chai ya tangawizi, wifi alinieleza maisha yake ya Dar. Nyumba ni nzuri, alisema, mkwe ana adabu, wajukuu wanampenda. Lakini kuna geti, kuna mlinzi, na kuna dereva. Kwenda sokoni ni mpaka dereva apatikane. Kwenda kumjulia hali mgonjwa, dereva.

"Siku moja nilitaka kutoka tu, wifi. Sikuwa na pa kwenda. Nilitaka kutoka. Mlinzi akaniuliza, mama, unakwenda wapi? Nikakosa jibu, nikarudi ndani nikakaa."

Halafu akaniambia walichokubaliana na mwanawe. Amepewa ruhusa (alisema ruhusa, mwanamke mwenye wajukuu) akae kwangu mpaka Jumapili ya pili. Siku hiyo mwanawe atakuja na gari. Kama mama ataweza kutoka nyumbani peke yake, akafika anakotaka na akarudi bila kushikwa mkono, atabaki Morogoro na hakuna atakayemsumbua. Asipoweza, atapanda gari arudi Dar, na habari ya kutoka toka ataiacha.

Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Kwa hilo alikuwa amekuja kwa mtu anayelijua. Mimi sijawahi kumiliki gari, sijui baiskeli, na pikipiki siipandi mpaka niwe mgonjwa. Nilikuwa fundi wa kushona kiwandani, nikavuka mji huu asubuhi na jioni mpaka nikastaafu, na siku za mapumziko nilikuwa nikipanda kwetu mlimani kwa mama yangu. Hakuna kona ya Morogoro inayofikika kwa gari la abiria ambako sijafika. Nina jirani mwenye gari kubwa jeupe, mlima anauona kila akifungua dirisha, na hajawahi kuukanyaga kwa sababu anasema huko hakuna pa kuegesha. Ndiyo faida ya gari lako mwenyewe: linakuamulia mahali pa kwenda.

Kwa hiyo nilipanga kumwonyesha mji, na moyoni nilikuwa na hesabu yangu. Akiujua mji, atabaki. Akibaki, atakaa kwangu. Chumba cha mbele nilikuwa nimeshakipiga rangi kabla hajafika, na sikumwambia kwa nini.

Tulianza na mjini. Nilimfundisha kwamba daladala hazipandwi asubuhi wafanyakazi na wanafunzi wanapokimbizana. Unasubiri mpaka jua likae vizuri, unapata siti ya dirishani na konda anakuita mama kwa upole. Nilimfundisha kwamba kibao cha mbele kinasomwa, lakini anayeaminiwa ni konda, kwa sababu kibao hakijui kama barabara imefungwa. Nilimfundisha pia kwamba huku kwetu kila njia ina kituo kinaitwa Msikitini na kingine kinaitwa Sheli, hivyo ukisema tu "nishushe Sheli" unaweza kushushwa mbele ya pampu yoyote ya mafuta iliyoko duniani. Wifi alikuwa akisikiliza kwa makini mno. Alirudia maneno kimyakimya kama mtoto wa madrasa.

Tulitembea soko kuu ghorofa ya chini na ya juu, tukanunua mchele wa Ifakara ambao hatukuuhitaji. Mchana tukachukua daladala nyingine mpaka chini ya mlima, kwenye bustani ambako mto unashuka katikati ya mawe makubwa. Siku ya kazi hakuna watu. Tulivua soksi, tukaingiza miguu kwenye maji, na wifi akapiga kelele kwa baridi yake. Akauliza maji haya yanatoka wapi. Nikamwonyesha juu, kwetu, kwenye mawingu. 

Siku iliyofuata tukaenda Mlali. Njia hiyo naipenda kwa sababu unapita Bwawa la Mindu, unaliona lote ukiwa umekaa, halafu gari linaiacha lami kubwa na kuelekea milimani. Mlali tulikuta akina mama wa Mgeta wameteremsha kabichi na karoti zenye udongo mwekundu bado. Wifi alibishana nao bei kwa Kiswahili cha Tabora, wao wakamjibu kwa Kiswahili kinachopanda na kushuka cha Kiluguru, na kila upande ukaona mwenzake anaimba.

Mbuga tulikwenda kwa basi. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Mabasi ya Iringa na Ifakara yanapita katikati ya Mikumi, na barabarani mle kuna matuta mengi, kwa hiyo dereva atake asitake anapunguza mwendo, na wewe unaangalia wanyama wa serikali bila kugombana na mtu. Tulipanda stendi ya Msamvu asubuhi, kila mmoja na dirisha lake. Tuliona swala wengi mpaka tukawachoka, tukaona nyati kwa mbali, halafu twiga akasimama karibu na barabara anakula zake. Mbele ya wifi alikuwa amelala baba mmoja mwenye suti. Wifi akamtikisa bega.

"Wewe baba, amka! Twiga huyo!"

Yule baba alishtuka, akaangalia, akatoa simu kupiga picha, akachelewa. Akamgeukia wifi akasema, "Ahsante sana mama, kila wiki napita hapa na kila wiki nalala." Tulishuka Mikumi mjini, tukanywa supu, tukavuka barabara, tukapanda basi la kurudi tukaiona mbuga tena, safari hii upande wa pili. Nilijiona mimi ndiye waziri wa utalii.

Jioni ile nilimuuliza, "Sasa umeuona mji?"

Akajibu, "Nimefurahi sana, wifi. Lakini aliyekwenda ni wewe. Mimi nilikuwa nakufuata mgongo."

Lilinichoma, lakini lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemtoa kwenye gari la mwanawe nikamweka kwenye mkono wangu. Jumapili ilikuwa inakaribia. Nikaona hapana, huyu lazima aende peke yake, tena aende mahali pa maana. Nikachagua kwa mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mama, anayekaa na migomba yake juu ya Bigwa, kwenye ardhi ya ukoo wetu. Si mbali. Unapanda daladala ya Bigwa kule mjini, unafika njia panda, unashuka, halafu kuna njia ya miguu inaupanda mlima, na nyumba yake ndiyo ya kwanza yenye bati jekundu. Kila mtu pale anamjua.

Asubuhi ya Alhamisi nilimpa maelekezo yangu mlangoni, mafupi, kwa sababu maelekezo marefu yanapoteza watu.

"Ukifika njia panda ya Bigwa, shuka, halafu panda. Ukiona bati jekundu, piga hodi."

"Nishuke, halafu nipande," akarudia.

"Hivyo hivyo."

Akaenda. Nilimwangalia mpaka akaingia kwenye daladala, nikarudi ndani nikachambua mchele. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilipanga hata maneno ya kumwambia mwanawe siku ya Jumapili, maneno ya upole, ya mtu aliyeshinda bila kujigamba.

Adhuhuri mama mdogo akanipigia simu. Yeye hasalimii kwenye simu, anaona salamu zinakula salio.

"Mgeni wako yuko wapi? Mimi nimechinja kuku."

Nikampigia wifi. Simu haipatikani. Nikampigia tena. Nikavaa baibui juu ya gauni la jikoni, nikatoka bila kufunga dirisha. Kwenye daladala ya kwenda mjini sikuona hata nyumba moja njiani. Nilikuwa nawaza mambo mabaya tu: ameanguka, amepata presha, amekaa mahali analia. Na katikati ya mawazo hayo, nasema ukweli, nilikuwa namkasirikia. Mtu mzima anawezaje kupotea kati ya daladala na mlima? Mlima haujifichi!

Nikiwa naelekea Bigwa simu ikaita. Alikuwa mwanawe.

"Shikamoo anti."

"Marahaba, mwanangu."

"Namtafuta mama simuoni hewani. Mko wote?"

 Kusema uongo sikutaka. Kusema kweli nilikuwa naona gari lake linawashwa kule Dar dakika hiyo hiyo.

"Mama yako amepanda mlimani," nikasema. "Huko mtandao wa shida. Akishuka atakupigia."

"Amepanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akasema sawa anti. Nikafuta jasho.

Njia panda ya Bigwa ina mama mmoja anayeuza machungwa na ndizi mbivu, na huyo hapitwi na mtu asijue alivyovaa. Nikamuuliza kama amemwona mama wa umri wangu, mrefu, baibui lenye nakshi za fedha mikononi.

"Nimemwona. Alishuka hapa mapema tu. Akasimama, akaangalia huku na huku, akaniuliza gari la kupanda liko wapi."

"Gari la kupanda?"

"Ndiyo. Akasema ameambiwa akishuka apande. Ikatokea Noah ya abiria iendayo Kinole, nikamsimamishia. Amekaa mbele, mbona!"

Nikaketi kwenye kreti lake la soda bila kukaribishwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi wa mlimani ukituambia panda, miguu yetu inajua yenyewe. Nikimwambia binti yangu panda, hatauliza panda nini. Lakini wifi amezaliwa Tabora, nchi tambarare, amekulia pembeni ya reli. Kwao mtu akikwambia shuka halafu panda, maana yake ni moja: unaliacha gari hili unaingia jingine. Na kama hakuna gari, basi unapanda mahindi. Nimeishi na mtu wa Tabora miaka yote ile, nikazaa naye, na neno hili halikuwahi kutugombanisha, kwa kuwa kila tulipokwenda mlimani nilikuwa natangulia mimi.

Kinole si Bigwa. Kinole ni safari: unafuata barabara ya Matombo, unafika Mkuyuni, unaiacha hiyo nayo, unaanza kuzunguka zunguka milimani mpaka masikio yanaziba. Nikauliza gari za kushuka zinakuja saa ngapi. Yule mama akasema zinakuja zikija. Nikampigia mama mdogo nikamwambia mgeni amepitiliza mpaka Kinole. Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi kuku atamla yeye.

Nikangoja pale. Niliwaza Jumapili. Niliona jinsi mwanawe atakavyoliweka begi la magurudumu kwenye buti, kwa adabu, bila kunilaumu, na jinsi wifi atakavyopunga mkono dirishani. Niliona chumba cha mbele na rangi yake mpya. Nilijiambia kwamba kosa si langu, kupanda ni kupanda, na bado nasimamia hapo hapo. Lakini niliogopa. Sijui kuogopa vizuri, sina mazoezi. Nikiogopa nagombana na watu. Nilimgombeza muuza machungwa kwa kutomuuliza mgeni anakokwenda, akanimenyea chungwa akanipa, nikala huku nimenuna.

Jua lilikuwa limeshahama upande wa barabara Noah moja iliposimama, imejaa mikungu ya ndizi juu. Mlango wa mbele ukafunguka akashuka wifi. Baibui lilikuwa na vumbi mpaka magotini. Mkono mmoja ameshika fungu la magome ya mdalasini limefungwa kwa kamba ya mgomba, mwingine ameshika mfuko wa pilipili manga mbichi. Dereva akampungia, mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akamwambia kwa sauti, "Kwaheri dada, usitusahau!" Nikatafuta machozi usoni kwake nikayakosa.

"Wewe!" nikasema. "Nimekwambia upande!"

"Nimepanda."

"Upande mlima! Kwa miguu!"

Akaniangalia, akaangalia ile njia ya miguu nyuma yangu, akaangalia Noah inavyoondoka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke, na muuza machungwa akacheka, na mimi nikaapa sitacheka nikashindwa.

Tulikaa pale pale akanisimulia. Mwanzoni alijua yuko sawa. Walipopita Mkuyuni akaanza kuwauliza abiria nyumba ya bati jekundu ya mama mdogo, na kila mtu akamwambia nyumba za bati jekundu mbele ziko nyingi. Gari likaendelea kupanda. Alipofahamu kwamba amepotea, akatoa simu, hakuna mtandao. Akasema hapo akawa anamsubiri mtu wa kuja kumchukua. Hakujua ni nani anamsubiri. Dereva wa mwanawe, mimi, yeyote. Hakuna aliyetokea.

"Basi nikamuuliza konda, gari hili linarudi? Akasema linarudi likijaza mizigo. Nikamwambia nitarudi nalo. Ikawa imekwisha, wifi. Ndiyo hivyo tu."

Alikaa Kinole kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika pilipili manga kwenye mkeka, akamsaidia kuzitoa kwenye vikonyo, akanyweshwa chai yenye mdalasini uliotoka kwenye mti ulio nyuma ya jiko. Ukungu ulishuka, ukaondoka, akaona mabonde chini yake. Aliniambia hajawahi katika maisha yake kuangalia mgongo wa ndege anayeruka.

"Nilipotea mwenyewe," alisema, "nikarudi mwenyewe."

Nikamwambia ashike simu ampigie mwanawe upesi, kabla furaha haijapoa. Akampigia. Nilisikia anamwambia, "Nilikuwa Kinole. Kinole! Mbali. Hapana, sikupelekwa." Aliposema sikupelekwa nilijua nimeshinda. Nilimshukuru Mungu, na sikutaka kujua kama ushindi umetokana na maelekezo yangu mazuri au mabaya.

Ijumaa alitoka tena peke yake. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema mara hii anakwenda kula kuku wa mama mdogo, kama amebaki. Akarudi vizuri. Jumamosi akatoka tena, akachelewa kidogo, akarudi akiwa kimya, anatabasamu na ukuta. Nikaona anafanya mazoezi ya Jumapili. Mimi nilikuwa natundika mapazia chumba cha mbele.

Jumapili mwanawe alifika kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimepika pilau na mdalasini wa Kinole, nyumba nzima inanukia sikukuu. Alikula, akasifu, akanawa, halafu akamgeukia mama yake.

"Haya mama. Nimesikia habari zote. Mimi sina neno. Utabaki?"

"Nitabaki," wifi akasema.

Nilitaka kupiga kigelegele. Nilikifungia mdomoni.

"Basi nimeridhika," akasema kijana. "Ukiwa hapa kwa anti sina wasiwasi."

"Si hapa," akasema wifi. "Nimepata chumba Bigwa. Yule mama wa machungwa kanionyesha jana, nyumba ya shemeji yake. Kina mlango wake na ufunguo wake. Nikifungua dirisha naona mlima."

Mwanawe akaniangalia mimi. Nadhani alifikiri nilijua. Nikanyanyua sahani ambazo hazijamalizika nikaenda nazo uani, nikazitumbukiza kwenye beseni pamoja na pilau yake. Nilikuwa na hasira. Wiki nzima nimemzungusha, nimemfundisha vituo, nimemtuma kwa mama mdogo wangu, nimepaka rangi. Nimeshinda, na zawadi imechukuliwa na muuza machungwa.

Wifi akanifuata uani. Akachukua kigoda, akakaa upande wa pili wa beseni, akaanza kusuuza.

"Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Umeosha na pilau."

Nikaacha kuosha. Mimi ni mtu wa kusema, kila anayenijua atakwambia, lakini lile moja sikuwa nimelisema kwa siku zote zile. Nilizunguka nalo Mindu, Mlali, Mikumi, nikarudi nalo.

"Sikuwa nataka ujue mji," nikamwambia. "Nilitaka ukae na mimi. Nyumba hii ni kubwa, wifi. Jioni nawasha taa vyumba vyote kumbe niko peke yangu. Nilitaka mtu."

Nililia, na nikiwa na povu mikononi sikuweza kujifuta. Akanifuta yeye kwa ncha ya kanga yake. Hakuniharakisha.

"Nilikiona chumba," akasema. "Nilikinusa rangi siku ile ile niliyofika. Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

 Alisuuza sahani ile ile.

"Nilitoka kwa baba nikaenda kwa mume. Nikatoka kwa mume nikaenda kwa mwanangu. Wote wema, wifi, sina wa kumlaumu. Na kwako ni kwema kuliko kote. Lakini ni kwako."

Nikampokea ile sahani. Mwanawe alikuja mlangoni akatukuta tumekaa na beseni katikati, akarudi ndani polepole. Baadaye aliondoka na gari tupu. Alinishika mkono kwa mikono miwili kuniaga, akaniomba nimwangalie mama yake, nikamwambia mama yake anajiangalia.

Alihama katikati ya wiki. Godoro na begi la magurudumu vilikwenda kwa bajaji, sisi wenyewe tukafuata kwa daladala, na tangu siku ile nilimwacha wiki nzima bila kwenda, makusudi, ili apate kuzoea. Uongo. Nilikuwa bado nimenuna.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikavaa. Nikapanda daladala ya mjini, nikabadili, nikashuka Bigwa, nikamsalimia muuza machungwa kwa sauti ya mtu aliyesamehe. Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye ua, mlango umefungwa, pazia la maua limechungulia chini yake. Ndani nilisikia redio na mtu anaimba ovyo, anakosea maneno. Sikuwahi kumsikia wifi akiimba.

Nikapiga hodi. Redio ikapunguzwa, ufunguo ukazunguka, akasimama mlangoni na kanga moja kiunoni, uso umemeta kwa joto la jiko. Aliniangalia kama mtu aliyekuwa akinisubiri kila siku.

"Karibu," akasema. "Karibu kwangu."

Nikavua viatu nikaingia.